Msitu, benki na nyumba ya Espinette

Wengi mmekuwa mkiniuliza kuhusu kununua nyumba huku Ubelgiji: bei, mikopo, kama mgeni anaruhusiwa. Jibu la haraka: anaruhusiwa, ila aandae pesa na uvumilivu. Leo lakini nataka kuandika kuhusu historia, kwa sababu ya rafiki yangu mmoja, Mkongo wa Lubumbashi, daktari wa meno, ambaye ameamua kuhamia nje ya jiji, kule wanakoishi wenye nacho.

Mahali penyewe panaitwa Espinette, katika halmashauri ya Rhode-Saint-Genèse, kusini mwa Brussels, kwenye barabara iendayo Waterloo. Ukipita kwa gari huoni nyumba, unaona ua wa majani na lango tu. Nyumba zimejificha nyuma ya miti mikubwa, bustani zake pana kuliko uwanja wa shule niliyosoma mimi Morogoro. Si mjini, si shamba. Asubuhi unasikia ndege, na usiku giza ni giza kweli kweli.

Sasa, hiyo miti. Nilipokwenda na rafiki yangu kuiona nyumba, nikamwuliza dalali mtaa huu ulianza lini. Akasema "zamani", akarudi kwenye habari ya jiko jipya. Basi nikaenda kutafuta mwenyewe. Kuna ramani ya Ferraris, iliyochorwa miaka ya 1770 wakati nchi hii ikitawaliwa na Waaustria, na siku hizi unaiangalia bure kwenye kompyuta. Ukitafuta Espinette unakuta kijani kitupu: Msitu wa Soignes, ambao kwa karne nyingi ulikuwa mali ya watawala wa Brabant.

Mwaka 1822 Mfalme William wa Kwanza wa Uholanzi (Ubelgiji ulikuwa chini yake) alianzisha benki, ile ambayo baadaye ilijulikana kama Société Générale de Belgique. Benki inahitaji mtaji, na mfalme akaipa mali za taji, msitu huu ukiwemo. Yaani benki ilianza maisha yake ikimiliki miti! Yakaja mapinduzi ya 1830, Ubelgiji ukajitenga, na katika miaka iliyofuata benki ikawa inauza msitu kipande kipande. Wanunuzi walikuwa watu wa fedha na wenye vyeo. Wakakata, wakalima, wakajenga majumba yao ya mashambani karibu na mji mkuu. Serikali ilipokuja kununua kilichobaki mwaka 1843, msitu uliokuwa na hekta kama 10,000 ulikuwa umebaki na kama 4,400, na ndio huo tunaotembea ndani yake Jumapili hadi leo. Mashamba yale makubwa nayo yakagawanywa kwa wajukuu, kisha yakakatwa viwanja. Vitongoji vingi vya kitajiri vya upande huu vimezaliwa hivyo. Lile neno la dalali, "zamani", maana yake ndiyo hiyo.

Ningeishia hapo kama isingekuwa jina la benki. Nilipomtajia rafiki yangu Société Générale, alinyamaza kidogo, halafu akacheka kile kicheko chake cha puani.

Kwa wasiojua: mwaka 1906, enzi za Leopold wa Pili, benki hiyohiyo ilishiriki kuanzisha Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya shaba. Shaba ya kwanza ilitoka kwenye tanuru la Lubumbashi mwaka 1911. Kampuni ilichukua vibarua kutoka kila upande: Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), Kasai, baadaye Rwanda na Burundi. Watu hao hawakuwa na lugha moja, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha kazini na kambini. Ndiyo maana mimi na rafiki yangu tunaelewana, ingawa kila mmoja anaamini mwenzake anaharibu lugha.

Babu yake alikuwa mmoja wa vibarua hao. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 kampuni iliona ni hasara kuleta watu wapya kila mara, ikawaruhusu wafanyakazi kukaa na wake na watoto, ikajenga nyumba, shule na zahanati. Ni sifa wanayopewa mpaka leo, na kweli nyumba zilikuwa imara. Lakini zilikuwa kambini, na mji wa wazungu ulikuwa upande wa pili wa ukanda mtupu ulioachwa makusudi kati ya wao na Waafrika. Desemba 1941 wafanyakazi walipogoma kudai mishahara, askari waliwapiga risasi uwanjani.

"Ile nyumba haikukuwaka ya muzee," aliniambia. "Ilikuwaka ya kampuni." Kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Mama yake, ambaye alizaliwa kambini na bado yuko Lubumbashi, alipoambiwa kwa simu kwamba mwanawe ananunua nyumba Ulaya, swali lake la kwanza halikuwa bei. Aliuliza: ukiacha kazi, watakupa siku ngapi kutoka?

Mobutu aliitaifisha Union Minière mwaka 1967, ikaja kuitwa Gécamines. Yeye mwenyewe, kama mnavyojua, hakusumbuliwa na swali la nyumba: alikuwa na majumba huku Uccle, jirani kabisa na tunapozungumzia, na wakubwa wake wengine hawakuwa mbali. Kwa hiyo Mkongo mwenye lango kubwa upande huu wa Brussels si jambo jipya. Jipya ni Mkongo anayelipa kwa mkopo wa miaka 25. Société Générale nayo ilichukuliwa na Suez ya Ufaransa mwaka 1988, na jina likafutika mwaka 2003. Tawi lake la benki lilipitia majina kadhaa na leo liko ndani ya BNP Paribas Fortis.

Mambo ya pesa, maana najua mnayasubiri. Rhode iko Flanders, ambako tangu Januari 2025 kodi ya usajili ni asilimia 2 kwa mtu anayenunua nyumba yake moja ya kuishi. Nyumba ya euro 600,000, kodi ni 12,000. Brussels, dakika chache tu kwa gari, ni asilimia 12.5, ingawa kuna unafuu kwa sehemu ya bei. Mnatia saini mkataba wa kwanza, mnaweka arubuni, na ndani ya miezi minne hivi mnakutana kwa notari kusaini hati. Ukishasaini ule wa kwanza umenunua, ndugu yangu, usidhani ni mazungumzo.

Jirani wa kushoto ni bibi wa Kibelgiji, mjane, mzaliwa wa Jadotville, yaani Likasi ya leo. Alipogundua jirani mpya anatoka wapi alifurahi mno, akatuletea keki na akataka kuzungumza Kiswahili. Anakijua! Ila maneno yote aliyokumbuka yalikuwa ya kuamuru: leta, ngoja, fungua, upesi. Mke wa rafiki yangu alimjibu kwa upole, "Karibu, mama, uikale," na bibi akakaa. Hilo la "karibu" alilikumbuka pia, baada ya kulisikia.

Kilichobaki ni lugha nyingine. Rhode ni Flanders, lugha rasmi Kiholanzi, lakini wakazi wengi wanazungumza Kifaransa, na tangu 1963 wana haki maalumu ya kuhudumiwa kwa Kifaransa. Kuna sharti la mwaka 1997: uombe kila mara, kwa kila karatasi, upya. Rafiki yangu ameshapata barua ya kwanza ya halmashauri, kurasa mbili za Kiholanzi kuhusu mti wa mbele, ambao hauruhusiwi kukatwa bila kibali. Ameomba nakala ya Kifaransa na bado anaingoja.