Bhutan: Ufalme wa milimani unaomtoza mgeni kwa kila usiku anaolala

Wengi wenu mnaijua safu ya milima ya Himalaya kwa sababu ya Everest, mlima ulio mpakani mwa Nepal na China. Ukifuata safu hiyo kuelekea mashariki, katikati ya India na China, unakuta ufalme mdogo unaoitwa Bhutan. Wenyewe huuita Druk Yul, yaani nchi ya joka la ngurumo. Wakazi wake hawafiki 800,000, wengi wao ni Wabudha, na mji mkuu wao ni Thimphu.

Kila tunapoitaja nchi hii hewani, swali linalorudi ni lile lile: inakuwaje nchi isiyo tajiri iwawekee watalii kizingiti badala ya kuwavuta waje kwa wingi? Makala hii inajaribu kulijibu.

Ada ya kila usiku

Mtalii anayekwenda Bhutan huilipa serikali dola 100 za Marekani kwa kila usiku atakaolala nchini humo. Malipo hayo yanaitwa Ada ya Maendeleo Endelevu. Hapo hajalipia chumba, chakula, gari wala mwongoza watalii. Viza ni dola 40 juu yake. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 hulipiwa nusu, na aliye chini ya miaka 6 halipiwi ada hiyo. Raia wa India, ambao ni majirani na ndio wageni wengi zaidi, hutozwa ngultrum 1,200 kwa usiku. Ngultrum ni fedha ya Bhutan, na thamani yake ni sawa na rupia ya India.

Tupige hesabu. Mume na mke wakikaa usiku tano, watailipa serikali dola 1,080, ada na viza, kabla hawajala hata sahani moja ya wali.

Utaratibu huu una historia. Kabla ya mwaka 1974 mtu wa kawaida kutoka nje hakuweza kwenda Bhutan kutembea. Mwaka huo alitawazwa mfalme wa nne, Jigme Singye Wangchuck, na nyumba za wageni zilizojengwa kwa ajili ya sherehe zikaanza kupokea watalii. Hawakufika 300 mwaka mzima. Tangu hapo sera ikawa wageni wachache wanaoacha fedha nyingi. Kwa miaka mingi mtalii alilazimika kununua safari nzima kupitia wakala, kwa bei isiyopungua dola 250 kwa siku katika msimu wa wageni wengi. Ndani ya bei hiyo mlikuwa na hoteli, chakula, gari na mwongoza watalii, na dola 65 zilikwenda serikalini.

Mwaka 2019, kabla ya Korona, wageni walipita 315,000. Nchi ilipofungua tena mipaka yake Septemba 2022, ada ilipandishwa kutoka dola 65 hadi 200 kwa usiku, huku hoteli na chakula mtu akijilipia mwenyewe. Wageni hawakurudi kama ilivyotarajiwa. Wenye hoteli ndogo na waongoza watalii wakalalamika, na mwaka mmoja baadaye serikali ikaikata ada kwa nusu, ikawa dola 100, hadi Agosti 2027.

Sisi tunaona hapo ndipo ugumu wa sera hii ulipojitokeza. Tajiri anayelala katika chumba cha dola 1,500 hazihisi dola 200. Anayezihisi ni mtu wa kipato cha kati aliyejiwekea akiba miaka mitatu, na huyo ndiye mteja wa hoteli ndogo ya mjini na wa mama anayekaribisha wageni nyumbani kwake. Ada iliyokusudiwa kuchuja umati iliwachuja kwanza wateja wa watu wadogo.

Upande wa pili nao usikilizwe. Fedha hizo huingia katika mfuko wa serikali, na Bhutan huwatibu wananchi wake bure na kuwasomesha watoto bure. Katiba ya mwaka 2008 inaagiza kwamba asilimia 60 ya nchi ibaki msitu siku zote. Leo msitu umefunika kama asilimia 70. Hata milima haiuzwi: mlima Gangkhar Puensum una mita 7,570, unaipita Kilimanjaro kwa zaidi ya mita 1,600, na hakuna binadamu aliyewahi kufika kileleni mwake. Tangu mwaka 2003 kupanda milima mirefu kumepigwa marufuku kabisa, kwa kuwa wenyeji huamini vilele ni makao ya miungu.

Anasa yenyewe ikoje

Safari huanza na kutua Paro, kwenye uwanja pekee wa ndege za kimataifa. Uwanja umo bondeni, umezungukwa na milima, na rubani hutua kwa kuangalia kwa macho yake, mchana tu. Marubani walioidhinishwa kutua hapo ni wachache sana. Kutoka kwetu hakuna ndege ya moja kwa moja. Abiria hupitia miji kama Delhi au Bangkok.

Kampuni za loji za kifahari kama Amankora na Six Senses hazikujenga jumba moja kubwa. Zimejenga loji ndogo ndogo katika mabonde tofauti: Paro, Thimphu, Punakha, Gangtey na Bumthang. Mgeni huhama bonde hadi bonde, na kila anakofika anakuta moto umewashwa na chumba kinachotazama mashamba ya mpunga au msitu wa misonobari. Usiku mmoja huweza kupita dola 1,000. Mtu aliyezoea kuona anasa kama dhahabu na taa nyingi anaweza kushangaa, maana kinacholipiwa hapo ni ukimya, nafasi na huduma.

Mfano mzuri ni bafu la mawe ya moto. Mawe ya mtoni huchomwa hadi yawe mekundu, kisha hutumbukizwa katika hori la mbao lililojaa maji na majani ya dawa. Bafu hili ni la wakulima. Walilitumia kupunguza maumivu ya viungo baada ya kazi ya shamba. Loji huliuza kwa bei ya juu. Katika nyumba ya mkulima anayepokea wageni unalipata kwa sehemu ndogo ya bei hiyo, pamoja na wali mwekundu na ema datshi, mchuzi wa pilipili na jibini. Pilipili pale ni mboga yenyewe, si kiungo, basi ukiwa mgeni anza kwa kijiko kidogo.

Kinachotazamwa

Taktsang, maana yake pango la chui milia, ndipo kila mgeni anapotaka kufika. Ni nyumba ya watawa iliyojengwa mwaka 1692 kwenye genge, mita 900 hivi juu ya bonde la Paro. Wenyeji husimulia kwamba katika karne ya 8 mwalimu wa dini Guru Rinpoche aliruka hadi hapo mgongoni mwa chui milia jike, akaingia pangoni kutafakari. Mwaka 1998 moto uliteketeza sehemu kubwa ya jengo. Likajengwa upya na kufunguliwa mwaka 2005.

Kupanda huchukua saa mbili hadi tatu. Farasi humbeba aliyechoka hadi katikati ya njia tu. Mamia ya ngazi za mwisho kila mtu huzipanda kwa miguu yake, awe amelala lojini au kwa mkulima. Mlangoni simu na kamera huachwa, viatu huvuliwa, na mikono na miguu lazima ifunikwe.

Punakha kuna ngome iliyojengwa mwaka 1637 na 1638 na Zhabdrung Ngawang Namgyal, aliyeiunganisha nchi. Imekaa pale mito miwili inapokutana, Pho Chhu na Mo Chhu. Ngome kama hii huitwa dzong: upande mmoja ni ofisi za serikali, upande wa pili ni watawa. Kila majira ya baridi watawa wakuu huhama Thimphu na kushuka Punakha, kwenye joto kidogo. Mwaka 1994 ziwa la barafu lilipasuka huko juu, mafuriko yakashuka hadi hapo na kuua watu.

Sherehe za dini, zinazoitwa tshechu, ndizo tunazoziona kuwa za thamani kuliko jengo lolote. Watawa na wanakijiji hucheza wakiwa na vinyago, na kila mchezo ni fundisho la dini. Wachekeshaji waitwao atsara hupita kati ya watu wakitania hata wakubwa. Paro, siku ya mwisho, kitambaa kikubwa chenye picha takatifu hukunjuliwa kabla ya mapambazuko na kukunjwa jua lisijakipiga. Wenyeji huja kupata baraka, wamevaa gho kwa wanaume na kira kwa wanawake. Mgeni anakaribishwa kutazama, ila asiingie uwanjani kufuata picha.

Sisi wa redio tuna jambo la kuongezea. Redio ilianza Bhutan mwaka 1973, ikiendeshwa na vijana. Televisheni na intaneti ziliruhusiwa mwaka 1999 tu.

Yasiyo kwenye vipeperushi

Bhutan inajulikana kwa kusema kwamba hupima furaha ya wananchi, si mapato peke yake. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wengi wenye asili ya Nepal, waitwao Lhotshampa, walifukuzwa au wakakimbia. Zaidi ya 100,000 waliishi kambini nchini Nepal, na kuanzia mwaka 2007 wengi wao walipelekwa kuishi Marekani na nchi nyingine. Siku hizi vijana waliosoma wanaondoka kwa hiari kutafuta kazi, hasa Australia, na hoteli zinapoteza wahudumu waliokwisha kuwafundisha.

Kwa anayepanga safari, miezi yenye hewa safi ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Tshechu ya Paro huangukia Machi au Aprili, ya Thimphu Septemba au Oktoba, kwa kufuata kalenda ya mwezi. Mwishoni mwa Oktoba korongo wenye shingo nyeusi huanza kushuka kutoka Tibet hadi bonde la Phobjikha, ambako nyaya za umeme zilifukiwa ardhini ili ndege hao wasijigonge.