Kosa la Mmoja, Kifungo cha Mwingine: Kutoka Barza la Wazee mpaka Kasho

Katika kitabu hiki wenzetu wameandika juu ya ndoa, juu ya ngoma na juu ya vyakula vya zamani. Sisi tumechagua jambo lisilo na furaha, lakini nalo ni la desturi, maana wengi wanalitetea kwa jina la desturi. Ni ile tabia ya kumkamata ndugu mahali pa ndugu. Kijana ameiba na kukimbia, anakamatwa mama yake. Mume ana deni, bibi yake ndiye analala kwenye kasho. Ukiuliza sababu, unajibiwa: "Njo vile kwetu. Mutoto akikosa, jamaa njo inalipa." Sisi tunaofundisha historia hapa Maniema tumelisikia jibu hilo mara nyingi, hata kwa watu waliosoma, na tunataka kuliangalia vizuri. Je, ni kweli kwamba ni desturi yetu?

Jibu hilo lina ukweli nusu. Kwa Warega wa Pangi, kwa Wakusu wa Kibombo, kwa Wazimba, Wasongola na Wabangubangu, zamani hapakuwa na nyumba ya kufungia watu. Mtu akimkosea mwenzake, maneno yalikuwa kati ya jamaa mbili, wala si kati ya mtu mmoja na serikali. Wazee walikaa kwenye barza, kila upande ulikuwa na msemaji wake, na kila aliyepita njiani aliweza kuketi na kusikiliza. Kama kosa limeonekana, ukoo mzima ulitafuta malipo: mbuzi, vyuma, na kwa Warega ile feza ya simbi iliyoitwa musanga. Kijana peke yake hakuwa na mali. Mbuzi walikuwa wa jamaa, mahari yake ilitoka kwa jamaa, basi na faini yake ilitoka kule kule.

Lakini watu wanasahau upande wa pili. Jamaa iliyolipa ilikuwa na haki ya kusema. Baba zake wakubwa na wajomba walimkumbusha mkosaji kila siku ya chakula, na akirudia mara ya pili, mara ya tatu, waliweza kukataa kumlipia na kumfukuza. Mtu asiye na watu wake nyakati zile alikuwa hatarini kabisa. Tena malipo yalimaliza maneno. Mbuzi mmoja alichinjwa, pande mbili zikala pamoja, na kesho yake hakuna aliyeruhusiwa kufufua habari hiyo. Wazee wetu wengine wangali wanasema kwamba kesi isiyo na nyama haijaisha.

Hatutaki kuwapaka wazee mafuta. Pale ambapo mtu ameuawa, kuna mahali walitoa binti kwa jamaa iliyofiwa, ili azae mtoto atakayechukua nafasi ya marehemu. Kulikuwa pia na kumweka mtu rehani kwa deni: mpwa ao mtoto anakaa kwa mdai mpaka mali ipatikane. Na pale ushahidi ulipokosekana, mshitakiwa alinyweshwa mwavi. Yule binti hakuiba wala hakuua, na hakuulizwa. Kwa hiyo anayesema kwamba desturi ilijua kumlipisha asiye na kosa hasemi uongo. Tofauti ni kwamba yule aliyewekwa rehani alijulikana na wote, alikaa katika nyumba ya mtu anayejulikana, alikula na watoto wa pale, na kila mmoja alijua ni mbuzi wangapi wanaomrudisha kwao. Alikuwa hana uhuru, ni kweli. Lakini hakufungiwa mlango.

Mlango ulikuja na biashara ya pembe. Watu wa Tippu Tip na wenzake waliokaa Nyangwe na Kasongo walikuwa na njia yao: kuvamia kijiji, kuchukua wanawake na watoto, kisha kungoja wanaume walete pembe za ndovu ili kuwakomboa. Lugha hii tunayoandika ilifika kwetu katika njia ile ile, nasi hatuwezi kuchagua kukumbuka lugha na kusahau minyororo. Halafu akaja Bulamatari. Katika Dola Huru la Kongo la mfalme Léopold wa pili, mahali pa kampuni za mpira, wanawake walifungiwa katika nyumba za mateka mpaka waume zao walete kilo zilizotakiwa. Machifu nao walifungwa kwa ajili ya watu wao. Mwaka 1903 dekreti ilitaja masaa 40 ya kazi kwa mwezi kama kodi, na asiyetimiza aliweza kushurutishwa kwa kufungwa. Tume ya uchunguzi iliyozunguka inchi mwaka 1904 na 1905 ilikuta mambo hayo ya mateka na kuyaandika katika ripoti yake.

Hapa ndipo sisi tunaona desturi ilipopinduliwa. Wazee waliuliza jamaa: mna mbuzi wangapi? Bulamatari aliuliza: bibi zenu wako wapi? Alichukua ile sehemu ya desturi iliyomfaa, yaani kwamba wengi wanajibu kwa mmoja, akaacha zile zilizomlinda mtu: kusema mbele ya watu, kujua kiasi cha malipo, na kula nyama ya mwisho.

Wakati wa Wabelgiji, kutoka 1908, sheria iliandikwa vizuri zaidi. Wazungu walikuwa na mazuzi wao na kanuni zao. Sisi tulikuwa na mambo mengine. Dekreti ya mwaka 1910 ilimruhusu mkubwa wa utawala kumhamisha mtu mbali na kwao bila kesi yoyote. Ndiyo ile relegasio ambayo babu zetu waliitaja kwa sauti ndogo. Simon Kimbangu alihukumiwa Thysville mwezi wa 10 mwaka 1921 na korti ya kijeshi, bila avoka: fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha, naye akafia Élisabethville mwaka 1951, akiwa bado mfungwa. Lakini tazameni wafuasi wake: walihamishwa pamoja na bibi na watoto, na wengine waliletwa mpaka Lowa, kando ya Lualaba, kaskazini ya jimbo letu. Mtoto wa miaka mitano alikuwa na kosa gani? Baada ya uasi wa Kitawala wa mwaka 1944 kule Masisi na hapa kwetu Lubutu, Wakitawala nao walisombwa kupelekwa kambi za mbali kama Kasaji katika Katanga.

Tena, dekreti ya mwaka 1926 iliingiza barza la wazee ndani ya serikali. Chifu akawa zuzi, akapewa karani, daftari, na kasho nyuma ya ofisi. Watu wengi wanafikiri kwamba tribinali ile ya chifu ilikuwa desturi tupu. Si kweli. Faini sasa iliingia katika sanduku la sheferi, haikwenda yote kwa aliyeumizwa. Mahali pa nyama ya mwisho kulikuwa na kifungo na fimbo. Idadi ya fimbo ilipunguzwa kidogo kidogo, ikawa 8 mwaka 1933, ikawa 4 mwaka 1951, ikafutwa mwaka 1959. Wachoraji wa Lubumbashi katika miaka ya 1970, kama Tshibumba Kanda-Matulu, waliichora sana picha ile ya "Colonie belge": mfungwa amelala chini, askari ameinua fimbo, mzungu anasimama pembeni. Watu walinunua picha hizo na kuzitundika sebuleni. Sisi tunafikiri walikuwa wanatundika habari ya jamaa zao wenyewe.

Uhuru ulipofika, sheria iliyoandikwa ilibaki, na tabia ilibaki pia. Mwaka 1968 ilipangwa kwamba tribinali za amani zichukue nafasi ya tribinali za machifu. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa 4 mwaka 2013 ikapanga upya tribinali zote. Hata hivyo, kuna sehemu za vijijini ambako zuzi wa amani hajafika, na mtu hutembea siku mbili kumtafuta. Katika nafasi hiyo tupu ndiyo polisi na chifu wanafanya wanavyojua.

Sasa tuseme maneno ya Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, maana wanafunzi wetu wa humanités wenyewe hushangaa wakiyasikia. Kifungu cha 17 kinasema wazi kwamba kosa la jinai ni la mtu mmoja mmoja: hakuna anayeweza kufuatwa, kukamatwa, kufungwa ao kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Kifungu hicho hicho kinasema kwamba mshitakiwa ahesabiwe hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Kifungu cha 18 kinataka aliyekamatwa aambiwe sababu palepale, katika lugha anayoisikia. Aweze kuonana na jamaa yake ao avoka. Na asikae mikononi mwa polisi kupita masaa 48. Yakipita, aachiliwe ao apelekwe parke. Kule parke hati ya kwanza ya mwendesha mashitaka ni ya siku 5 tu. Kisha zuzi ndiye anaweza kuruhusu siku 15, na baadaye mwezi. Na kanuni ya adhabu, katika kifungu cha 67, inampa mtu anayemkamata mwenzake bure kifungo cha mwaka 1 mpaka 5. Juu ya deni, inchi yetu iliingia mwaka 1976 katika mapatano ya dunia juu ya haki za raia, ambayo yanakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza makubaliano.

Tulikuwa na mwanafunzi wa mwaka wa tano, kijana wa kimya, mwenye akili ya hesabu. Kaka yake aliazima kinga ya jirani, akaipeleka kwenye migodi ya zahabu, hakurudi. Mwenye kinga alishitaki. Wakaja usiku, hawakumkuta kaka, wakachukua mdogo. Alikosa mitihani ya siku mbili. Tulipokwenda kuuliza, tulijibiwa kwa adabu kabisa: "Mwalimu, huyu hatumushitaki. Tunamushika tu, mukubwa yake asikie uchungu." Alitoka siku ya tatu, baada ya mjomba kutoa feza. Hakupewa risiti. Mwenye kinga hakupata hata franka moja ya feza ile. Tulilitafakari jambo hilo sana, kwa sababu katika barza la zamani yeye ndiye angekuwa wa kwanza kulipwa.

Mbona jamaa zinakubali? Kwanza ni kwa woga. Pili, kasho zetu hazilishi mtu. Chakula kinatoka nyumbani, kwa hiyo jamaa inafungwa hata kama imebaki nje, na kila siku inayopita ni sufuria nyingine. Tatu, mshitaki mwenyewe ndiye anasukuma. Ametoa feza ya "usafiri" wa askari, anataka mtu aonekane ndani, hata kama si yule. Na askari ambaye mshahara wake haumfikishi tarehe kumi anajua kwamba mama analipiwa haraka kuliko kijana. Si lazima tutafute desturi hapa. Ni njia ile ile ya mateka wa mpira: bei ya mtu inapanda kadiri anavyopendwa na wale walio nje.

Wazee wanalalamika, na malalamiko yao yana uzito. Wanasema kwamba gereza linakula mtu, halitoi kitu. Aliyeibiwa anamwona mwizi amefungwa, naye anabaki mikono mitupu, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kujiunga na kesi na kudai malipo mbele ya zuzi. Kwa mambo ya mbuzi aliyekula mihogo, ya mpaka wa shamba, ya matusi, sisi tunaona barza bado linafanya kazi nzuri, na tungependa liendelee, bila kasho nyuma yake. Lakini kuna mahali lisiguse. Sheria mbili za tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka 2006 juu ya unajisi na jeuri ya kingono zilikataza makosa hayo yamalizwe kwa faini ya kupatana. Baba anapopokea mbuzi wawili na kumwoza binti kwa yule aliyemharibu, tunarudi kwa yule binti wa zamani aliyetolewa bila kuulizwa. Hapo msichana ndiye analipa, na mwenye kosa anakula karamu.

Jamaa ikienda kuuliza habari ya mtu wake, isianze na feza. Iulize kwanza daftari. Kila kasho inapaswa kuwa na daftari ambamo jina la mfungwa linaandikwa, pamoja na saa aliyoingia na kosa analoshitakiwa. Kwa yule mwanafunzi wetu, jina liliandikwa sawasawa na saa pia iliandikwa. Mahali pa kosa waliandika jina la kaka yake.