Mkoko na Mahali Pake: Kutoka Kunduchi hadi Mtoni Kijichi

Watu wa pwani wakitaka kumwambia mtu kwamba jambo bado li bichi, humwambia ndiyo kwanza mkoko unaalika maua. Aliyeutoa msemo huo aliujua mti wenyewe. Ua la mkoko ni dogo, halina makeke, na baada yake kuna kazi ndefu. Mbegu huota ingali mtini, ikatoa mkuki wa kijani unaoning'inia kwa miezi kabla ya kuanguka. Ukianguka maji yamekupwa, mkuki huo huweza kujichoma topeni ukaanza maisha papo hapo. Ukiangukia maji yaliyojaa, huelea mpaka ufike ufuo mwingine. Mkoko humwandalia mwanawe kila kitu, ila kimoja tu hauna uwezo nacho: mahali pa kutua. Na historia ya mti huu katika viunga vya Dar es Salaam, tangu Mbweni na Kunduchi upande wa Kinondoni hadi Mtoni Kijichi upande wa Temeke, kwa hakika ni historia ya mahali hapo.

Neno mkoko hutumika kwa jumla, lakini wavuvi na wakata miti hawakuridhika nalo. Walitofautisha mlilana, unaosimama mbele kabisa ukiitazama bahari, mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopinda kama matao, msinzi, mkandaa, ulionyooka, mchu, ambao mizizi yake huchomoza topeni kama vidole vikitafuta hewa, mkomafi, wenye tunda la duara kubwa, na msikundazi, upendao pembezoni panapofikiwa na maji baridi. Kila mti una daraja yake katika safari ya maji. Yote huishi katika ukanda mwembamba baina ya alama ya kupwa na alama ya kujaa, hasa kwenye mahori na midomo ya mito, ambako mawimbi hupoa na tope hutulia. Juu ya ukanda huo ardhi ni kavu mno. Chini yake maji hayaondoki. Hakuna kiambo kingine.

Kwa karne nyingi miti hii ilithaminiwa kwa kukatwa kwake. Majahazi yaliyoshuka na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba yalileta tende, chumvi na mazulia, na yalipogeuka na kusi yalipakia miti ya Rufiji na ya Lamu. Miti hiyo iliuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini, na ilipangwa kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nchi zisizo na msitu zilijengwa kwa msitu wa huku. Katika miji ya mawe ya Uswahilini, na Unguja ikiwamo, boriti ndiyo iliyobeba dari, nayo ikauwekea ujenzi kipimo chake: vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wake mita 2.5 hadi 3, kwa kuwa huo ndio urefu ambao boriti ingeweza kuubeba bila kupinda. Anayeingia leo katika nyumba ya kale ya Mji Mkongwe huwa amesimama, bila kujua, ndani ya kipimo cha mkandaa. Mlilana nao ulitoa mataruma ya vyombo, na magome ya mkoko yalitoa rangi nyekundu na dawa ya kulainishia ngozi.

Serikali ya Kijerumani ililiona soko hilo mapema. Mwaka 1898 iliutia mkononi msitu wa mikoko wa delta ya Rufiji, ukawa miongoni mwa misitu ya kwanza ya koloni kuwekwa chini ya usimamizi wa dola. Wenyeji waliozoea kukata kwa mahitaji yao walijikuta wamo ndani ya mali ya serikali. Waingereza walifuata njia ile ile. Mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930 mikoko ya Tanganyika ilitangazwa kuwa hifadhi za misitu. Kwa hiyo mkoko ni mti uliolindwa kisheria kwa takriban miaka mia moja. Lakini tuangalie ulilindwa kama nini. Kilichohesabiwa katika vitabu ni nguzo, magome na ushuru. Tope lililouzaa mti halikuwa na safu yake katika daftari.

Saruji na chuma vilipoenea katika nchi za Ghuba, biashara ya boriti ilififia. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nje mwaka 1982, na Tanzania Bara ikasimamisha ukataji wa mikoko mwaka 1987 hadi utakapopatikana mpango wa kuisimamia. Kazi hiyo aliibeba Profesa Adelaida Semesi, mtaalamu wa mimea ya bahari wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 2001. Mpango wake wa mwaka 1991 uliigawa mikoko ya Bara katika kanda nne: ya kulindwa kabisa, ya kuvunwa kwa utaratibu, ya kupumzishwa ili ijirudie, na ya kutumika kwa maendeleo mengine. Huenda hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, mahali palipohesabiwa pamoja na mti. Baadaye zikaja Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au mto.

Wakati sheria zikiandikwa, mji ulikuwa ukitembea. Sensa ya mwaka 1967 iliwakuta Dar es Salaam watu 270,000 hivi. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 5.3. Kinondoni na Temeke, zilizokuwa mashamba ya minazi na vijiji vya wavuvi, ziligeuka viunga, na viunga vikageuka mji, hata Ubungo ikamegwa Kinondoni na Kigamboni ikamegwa Temeke katikati ya miaka ya 2010. Kunduchi, penye makaburi ya nguzo na magofu ya msikiti wa kale, mikoko iling'olewa ili kufanya mashamba ya chumvi, na kuni zake zikachoma matumbawe kuwa chokaa ya kujengea mji huo huo. Mchanga wa mito ya kaskazini, uliokuwa ukishuka kuutengeneza ufuo, ulichimbwa kwa ajili ya matofali, na bahari ikaanza kudai deni lake kwa kula fukwe. Mbweni na Mbezi Beach kuta za nyumba zimesogea hadi zilipo alama za maji.

Kusini hali ni nyingine, ijapokuwa mwisho wake ni mmoja. Mito ya Kizinga na Mzinga hushuka kutoka vilima vya Pugu na Kisarawe, ikaingia katika mahori yaliyo nyuma ya bandari. Huko mikoko imebaki, na mtu akivuka Mtoni kuelekea Mbagala huiona bado. Lakini mito hiyo hupita katika makazi yaliyosongamana kabla ya kuifikia. Inachoiletea ni taka za majumbani, maji machafu na mabaki ya viwanda. Mti hauhitaji shoka ili ufe. Mizizi ya mchu ikifunikwa na plastiki na mchanga, hukosa pumzi.

Hapa ndipo penye kitendawili. Katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, mkoko, mchu na mlilana vimewekwa katika daraja la visivyotiliwa shaka, kwa sababu vimeenea tangu Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Orodha hiyo haikosei, bali inajibu swali la jinsi ya mti. Swali la mahali lina jibu jingine: mwaka 2024 shirika lile lile la uhifadhi, IUCN, lilipopima mazingira ya mikoko badala ya miti yake, lilikuta kwamba nusu ya mazingira hayo duniani yamo hatarini kuporomoka, na kupanda kwa bahari kukiwa moja ya sababu kuu. Mchu hautatoweka duniani kwa sababu ya hori moja la Temeke. Lakini kaa koko na vifaranga vya kamba wa hori hilo hawana hori jingine, wala mvuvi wa Kijichi hawezi kutega madema Pasifiki.

Bahari ikipanda, mikoko inajua la kufanya: hurudi nyuma kizazi kwa kizazi, miche ikitua juu kidogo kuliko mama zao. Nyuma yake ikiwa ni ukuta, hairudi popote. Ndiyo maana sherehe za kupanda miche, njema kwa nia, mara nyingi huishia patupu. Mche ukichomekwa pasipo daraja yake, mawimbi huung'oa. Na palipo na daraja yake, maji yakiwa yanaingia na kutoka na tope likiwa safi, mara nyingi mkoko hujipanda wenyewe.

Karne moja ya sheria iliuhesabu mti kwa korja, na Dar es Salaam imejifunza kwa gharama kwamba mti unaweza kuhesabiwa hata baada ya mahali pake kuuzwa. Kinachohitaji ulinzi sasa ni ule ukanda mwembamba baina ya kupwa na kujaa, hapo Kunduchi na hapo Mtoni, uachwe wazi nyuma na usafishwe mbele. Mkuki wa kijani utaendelea kuanguka kila msimu. Itategemea utakachokikuta chini.