Uso ama Nguo

Wahandisi si watu wa kuzungumzia nia. Wao huongea kasi, vipimo na makosa. Ndiyo maana nilishangaa kukuta, ndani ya programu zinazoandaa picha kwa ajili ya kuchapwa, kisanduku kidogo kinachokuuliza: nia yako ni ipi? Si mzaha. Swali hilo lina historia, na inatuhusu sote tunaoprinti picha za watu wetu.

Tatizo lenyewe liko hivi. Skrini ya simu hutengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na buluu. Printa hutumia wino: sayani, majenta, manjano na nyeusi. Mwanga unaweza kutoa buluu inayowaka ambayo wino hauifikii hata umwage chupa nzima. Kwa hivyo picha ikitoka kwa skrini kwenda kwa karatasi, kuna rangi zinazokosa pa kukaa.

Kabla ya kuamua zikae wapi, ilibidi kila rangi ipewe anwani isiyotegemea mashine. Kazi hiyo ilifanyika Uingereza miaka ya 1920. W. David Wright alipima macho ya watu 10, naye John Guild akapima ya watu 7. Mtu alionyeshwa mwanga wa rangi fulani, kisha miale mitatu ikachanganywa mpaka aone imefanana nao. Mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilitumia matokeo hayo kuunda kile kinachoitwa mtazamaji sanifu. Watu 17 tu! Na mpaka leo hesabu za rangi kwenye kompyuta zinaegemea macho yao.

Miaka ya 1980 kompyuta ziliingia kwenye uchapishaji, na vurugu ikaingia nazo. Kila kampuni ilikuwa na lugha yake ya rangi. Mwaka 1993 kampuni nane ziliungana kuanzisha ICC: Adobe, Agfa, Apple, Kodak, Microsoft, Silicon Graphics, Sun Microsystems na Taligent. Wazo lao lilikuwa rahisi. Kila kifaa kiwe na profaili, yaani faili ndogo inayoeleza rangi ambazo kifaa hicho kinaweza kuzipokea ama kuzitoa. Na kwa zile rangi zinazokosa nafasi, mfumo wao ukaweka nia nne.

Fikiria matatu ya viti 14, abiria 20, na makanga ambaye hataki kumwacha mtu stejini.

Nia ya kwanza ni ya mtazamo. Makanga anasema, "Songeni kidogo!" na kila mtu anabanwa, hata yule aliyekuwa amekaa vizuri. Lakini mpangilio unabaki: wa mbele bado yuko mbele, wa nyuma yuko nyuma. Rangi zote zinafifia kidogo ili tofauti kati yake zisipotee.

Ya pili ni ya vipimo linganishi. Waliopata viti hawaguswi. Waliozidi wanarundikwa kwenye kiti kilicho karibu nao zaidi, hata kama wako watatu pale. Rangi mbili zilizokuwa tofauti zinaweza kutoka zikiwa moja. Nyeupe ya picha nayo inakuwa ile nyeupe ya karatasi uliyoweka.

Ya tatu, ya vipimo kamili, inafanana na ya pili ila haisamehi hata karatasi. Ukitaka kujua picha itakavyoonekana gazetini, itakuchapia hadi ule umanjano wa karatasi ya gazeti.

Ya nne ni ya ukolevu. Inataka rangi kali, ukweli baadaye. Ilikusudiwa chati na grafu za ofisini, ambapo hakuna anayejali kama nyekundu ni ile ile, bora ing'ae.

Haya yote yalikuwa nadharia kwangu mpaka shosho alipofariki na nikapewa kazi ya kuandaa programu ya mazishi. Picha tuliyoichagua ilimwonyesha akiwa na kitenge cha buluu kali chenye maua ya buluu iliyokolea zaidi. Kijana wa duka la kuchapa, River Road, aliitazama kwa skrini akatikisa kichwa. "Pole sana bosi, hiyo buluu haiko kwa mashine." Akanionyesha vipande viwili vya majaribio. Kwenye kimoja maua ya kitenge yalionekana, lakini uso wa shosho ulikuwa umepoa kidogo. Kwenye kingine uso ulikuwa wake kabisa, na maua yamezama yote, kitenge kimekuwa bamba moja la zambarau. Akauliza, "Sasa tuokoe nini, uso ama nguo?"

Nilisema uso. Shangazi yangu aliyemnunulia kile kitenge alisema nguo. Tulibishana pale kaunta kwa dakika kadhaa, na kila mmoja wetu alikuwa na sababu.

Mara nyingi hakuna ubishi kama huo, kwa sababu uamuzi umeshafanywa. Photoshop, usipogusa mipangilio, huchagua ile nia ya pili. Na kwa nia ya mtazamo, ICC haikuweka fomula moja ya kubana rangi. Toleo la nne, lililokuwa kiwango cha ISO mwaka 2005, lilileta marejeleo ya pamoja, lakini namna ya kubana iliachiwa anayetengeneza profaili. Ni maoni ya mtu, yamefichwa ndani ya faili.

Na maoni ya aina hii yana historia. Kodak, mmoja wa wale wanane, kwa miongo mingi ilisambazia maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley. Mtafiti Lorna Roth ameandika jinsi malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na fanicha za mbao yalivyochangia filamu kuboreshwa ili ionyeshe kahawia vizuri. Ngozi zetu zilinufaika na malalamiko ya wauza kabati.

Ndiyo maana nalipenda neno nia. Linakiri kwamba kuna mtu aliyeamua kipi kipotee. Ukipeleka picha ya mtu wako kuchapwa, omba kipande cha majaribio kwanza, kisha useme unachotaka kiokolewe.