Alama ya Sifuri

Noah ya mjomba ilishindwa kupanda mlima Sekenke siku ya Jumanne, ikiwa na abiria saba ndani na magunia manne ya vitunguu juu. Haikuzima. Binamu yangu, aliyekuwa akiendesha, alirudisha gia hadi namba moja, akakanyaga mafuta mpaka chini, na gari ikawa inaunguruma tu huku bodaboda yenye magunia ya mkaa ikiipita taratibu. Abiria walishuka, wakaupanda mlima kwa miguu, wakaisubiri juu. Wawili walidai warudishiwe nauli.

Jioni ile mjomba alitoa hukumu kabla hata ya kunawa mikono. "Umeichoma injini."

Wiki tatu kabla ya hapo gari ilikuwa imebadilishwa mkanda wa taimingi katika gereji moja ambayo sitaitaja. Kesho yake tuliirudisha hapo hapo. Wakapima kompresheni: silinda zote nne zilicheza kwenye 120, chini ya inavyotakiwa. Ringi zimekwisha, wakasema, tafuta injini ya mtumba. Bei waliyotaja ilikuwa sawa na ng'ombe wanne. Kisha yule fundi akaongeza neno ambalo mjomba alilibeba mpaka nyumbani: gari huuawa na dereva. Binamu aliweka funguo mezani, akaenda kulala kwa rafiki yake.

Mimi nilikuwa nimerudi Singida na begi la fotokopi. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu usafiri wa barabara katika mkoa huu kati ya 1967 na 1986, na awamu ya mwisho ya ada yangu ilikuwa itoke kwenye hesabu za Noah. Kwa hiyo sikuwa mtazamaji tu. Lakini kilichonikera zaidi ni kwamba neno la yule fundi nilikuwa nimekwisha kulisoma. Katika maandishi ya miaka ile kuhusu malori mabovu, dereva mzembe ni mhusika asiyekosa. Barabara inatajwa kidogo, spea zinatajwa kwa haya, na dereva anatajwa mwisho, pale panapotakiwa mtu wa kubeba mzigo.

Binamu ndiye aliyenipigia simu. "Dada, yule mzee wako wa Land Rover bado yupo?"

Alikuwepo. Mzee huyu nilimhoji mwaka uliopita kwa ajili ya utafiti. Ana gereji nje kidogo ya mji, ukishaliacha Ziwa Singidani nyuma yako: mwembe mmoja, mabati sita, na mawe makubwa ya Singida ambayo huyatumia kama meza, kama kiti na mara nyingine kama jeki. Alianza kazi mwaka 1974 kama kibarua wa kuosha vyuma katika karakana ya serikali. Ulikuwa mwaka wa Operesheni Vijiji, anasema, na kila kilichokuwa na magurudumu manne kilitakiwa kitembee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Leo umekuja na kalamu au na tatizo?"

Tulifunua viti vya mbele, maana injini ya Noah hizi za kizamani imelala chini yao. Nilitegemea aanze na mkanda. Akaanza kwa kuitazama distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi. Bolti zake hupita kwenye matundu marefu ili kifaa kiweze kuzungushwa kidogo, mbele au nyuma. Ya kwetu ilikuwa imezungushwa hadi mwisho kabisa wa tundu.

"Nani aliisukuma huku?" aliuliza. Hakuna aliyejibu. "Haya. Na alikuwa anaficha nini?"

Niseme kidogo injini inavyofanya kazi, kwa sababu bila hilo kesi ya binamu haieleweki. Tangu Mjerumani Nikolaus Otto alipounda injini yake ya mipigo minne mwaka 1876, mzunguko ni ule ule: pistoni hushuka ikifyonza hewa na mafuta, hupanda ikikandamiza, moto huwaka na kuisukuma chini, kisha hupanda tena ikitoa moshi. Mapigo manne, mizunguko miwili ya krenki. Lakini kila valvu inatakiwa ifunguke mara moja tu katika safari hiyo yote, kwa hiyo kemshafti, mhimili unaozisukuma valvu, lazima uzunguke kwa nusu ya kasi ya krenki, na usiachane nayo hata kidogo. Kazi ya kuviunganisha viwili hivyo ndiyo taimingi. Injini nyingi za zamani zilitumia gia au cheni. Mkanda wa mpira wenye meno uliingia kwenye magari ya kuuzwa kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kupitia gari dogo la Kijerumani lililoitwa Glas 1004. Ulikuwa mwepesi, rahisi na usio na kelele, na umefungwa kwenye Noah za kizamani zinazobeba watu, kuku na alizeti katika mkoa huu.

Mkanda ukifungwa meno mawili nje ya mahali pake, injini itawaka. Hapo ndipo ubaya ulipo. Valvu ya kuingiza hewa inachelewa kufunga. Pistoni imeshaanza kupanda, na sehemu ya hewa inarudi ilikotoka. Kompresheni inashuka kwenye silinda zote, tena kwa kiasi kinachokaribiana. Ringi zilizochoka mara nyingi hazina adabu hiyo: silinda moja inaporomoka, nyingine inabaki na nafuu. Mzee alitia oili kidogo kwenye kila silinda, akapima upya. Namba hazikusogea sana. Kama kosa lingekuwa ringi, oili ingeziba mwanya na namba zingepanda.

"Hapa hakuna kilichoungua," alisema. Binamu, aliyekuwa amesimama mbali kidogo kama mtu asiyealikwa, alisogea.

Akazungusha krenki kwa spana mpaka mkwaruzo ulio kwenye ukingo wa puli kubwa ya chini ukakaa sawa na sifuri iliyoandikwa kwenye kava la plastiki. Juu, tundu dogo la puli ya kemshafti lilikuwa limekaa sawa na alama yake. Chini sifuri, juu sawa. Mkanda ulifungwa kama kitabu kinavyosema. Mjomba alicheka kicheko cha mtu aliyeshinda bila kufurahi.

Mzee hakusema kitu. Aliingia chini ya mabati akatoka na ubavu wa mwavuli, ule waya mwembamba mgumu, akautumbukiza kwenye tundu la plagi ya silinda namba moja mpaka ukagusa kichwa cha pistoni. Akaniambia niushike kwa vidole viwili. Akarudisha krenki nyuma, kisha akaizungusha mbele polepole. Waya ulipanda mkononi mwangu, ukapanda, ukatulia, ukaanza kushuka. Ulikuwa unashuka tayari wakati alama ya puli inafika kwenye sifuri.

Nilidhani nimekosea. Tukarudia. Alama ilisema pistoni iko juu kabisa. Vidole vyangu vilisema imeshapita.

Puli ile ina vipande viwili: kitovu cha chuma kilichofungwa kwenye krenki, na duara la nje, na katikati yao mpira wa kupunguza mtikisiko. Gari ikishazeeka, mpira huachia. Duara la nje hujizungusha kidogo kidogo, pamoja na alama yake, bila kelele, na mikanda ya nje inaendelea kuvutwa kama kawaida. Fundi wa ile gereji alikuwa ameiamini alama iliyohama. Akafunga mkanda kwa kuifuata, gari ikawa nzito, na kwa kuwa distribyuta ya injini hii huendeshwa na kemshafti, moto nao ukachelewa. Akaisukuma distribyuta mpaka mwisho ili kuurudisha moto nyuma, akasikiliza kwa sikio, akaridhika. Kosa moja likafunikwa na marekebisho. Dawa ya valvu haikuwepo kwenye distribyuta.

Nilimuuliza amejifunza wapi kutoiamini alama. Akakaa juu ya jiwe.

Mkoa huu uliwahi kupata reli mapema, tawi lililotoka Manyoni kuja huku, lililojengwa miaka ya 1930 na kung'olewa miaka ya 1940. Baada ya hapo kila kitu kilikuwa juu ya lori kwa muda mrefu. Bei ya mafuta ilipopanda baada ya 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977, vita vya Kagera vilipochukua magari 1978, na mafuta yalipopanda tena 1979, fedha za kigeni zilikauka na spea zikakauka nazo. Haya yote yameandikwa. Ambalo halikuandikwa sana ni kwamba mwaka 1981 karakana ya mzee ilikuwa na Land Rover yenye cheni ya taimingi iliyolegea mpaka alama za kiwandani hazikuonana tena, na hakukuwa na cheni mpya. Cheni ikirefuka, kemshafti inachelewa. Lakini gia ya kemshafti ya Land Rover ile ina njia zaidi ya moja za kukaa kwenye mhimili wake. Ukijua pistoni iko wapi hasa, unaweza kuchagua njia nyingine na kulirudisha lile lililopotea.

"Ukijua pistoni iko wapi hasa," alirudia. "Na kule juu kabisa pistoni husinzia. Unazungusha krenki, yenyewe haisogei. Kwa hiyo hupimi pale. Unapima ikiwa inapanda, unaweka chaki. Unapima ikiwa inashuka, kina kile kile, unaweka chaki. Unagawa katikati." Kisha akagonga alama mpya kwa senta panchi. Land Rover ile, anasema, ilitembea miaka mingine mitatu.

Swali langu la mwaka jana, ambalo hakulijibu, nililirudia: kwa nini hamkununua cheni Arusha, kwa watu binafsi? Safari hii alijibu. Walinunua. Haikuwa na risiti, maana aliyeiuza hakuwa na namna ya kueleza ilikoingilia. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walitupa bidhaa vichakani na chooni kwa kuogopa kukutwa nazo. Yeye aliichukua cheni ile mpya, bado ikiwa na grisi ya kiwandani, akaizika usiku kwenye zizi la ng'ombe la baba yake. Alipoifukua mwaka 1985, watu wenye fedha zao za kigeni wakiwa wamesharuhusiwa kuagiza bidhaa, ilikuwa imeshikana kuwa donge moja la kutu.

"Andika hilo," alisema. "Lakini usiandike zizi la nani."

Mwanahistoria wa Marekani, Joshua Grace, aliandika kitabu kizima, *African Motors*, kilichochapishwa 2021, kuhusu Watanzania na magari, na mafundi wamo, kama watu waliounda teknolojia na si kuipokea tu. Nilikuwa nimekinukuu kwenye pendekezo langu la utafiti, kwa ufasaha mzuri, nadhani. Sikuwa nimeelewa. Mafaili yangu yalihesabu magari mazima na magari mabovu. Land Rover ya mwaka 1981 ingehesabiwa nzima, na hakuna safu kwenye jedwali lolote ambayo ingeonyesha kwamba uzima wake ulikuwa alama tatu za senta panchi.

Kazi yenyewe ilimalizika haraka. Mzee alifungua puli, na nyuma yake gia ndogo inayovuta mkanda, ambayo haiwezi kuteleza kwa sababu imeshikwa na kii kwenye krenki, ilionyesha alama ile ile ambayo waya wa mwavuli ulikuwa umeisema. Akaweka mkanda upya, akazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, akakagua, akazungusha tena. Distribyuta ikarudi katikati ya tundu lake. Bahati tuliyokuwa nayo ni aina ya injini: hii 3S haigonganishi valvu na pistoni mkanda unapokosea. Kwenye Land Cruiser ya dizeli tungekuwa tunazungumza lugha nyingine, alisema, na kweli ingekuwa lugha ya ng'ombe wanne.

Kompresheni ilipanda juu ya 160 kwenye silinda zote. Mjomba aliitazama geji kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatoa funguo mfukoni, akamwambia mwanawe, bila kumtazama, "Ijaribu wewe. Mimi sikio langu limechoka." Kwetu hiyo ni radhi, na kubwa. Binamu alizipokea kwa mikono miwili.

Alhamisi tulikwenda naye mpaka Shelui na kurudi. Wakati wa kupanda Sekenke nilimwambia kwamba dhahabu iliyochimbwa eneo hili ndiyo Wajerumani waliyotengenezea sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kule Tabora mwaka 1916, vita vikiwa vimewabana. Akaniambia ninyamaze, anasikiliza injini. Tulipanda kwa namba tatu.

Puli nyingine ya mtumba ilikuja kwa basi kutoka Dar es Salaam. Ile ya zamani niliiomba, nikaisafisha kwa mafuta ya taa nikiwa na nia ya kuiweka kwenye meza yangu chuoni. Jana mzee amenipigia simu. Anaitaka. Kitovu chake bado ni kizima, na kuna mtu wa Ilongero anayehitaji kukichonga kwa mashine ya kukamulia alizeti.