Kifurushi "Bila Kikomo" na Kikomo Chake: Namna Kasi ya Intaneti Inavyopunguzwa kwa Watumiaji Wakubwa

Mtoa huduma wa intaneti anaweza kumpunguzia kasi mteja anayetumia data nyingi kuliko wenzake. Anaweza pia kupunguza kasi ya aina moja tu ya matumizi, hasa ushirikishanaji wa mafaili makubwa, huku matumizi mengine yakiachwa yaendelee kama kawaida. Mambo haya mawili hayafanani, ingawa kwa mteja yana sura moja: duara linazunguka kwenye kioo na faili haliishi kupakuliwa. Makala haya yanaeleza tofauti yake, sababu zinazotolewa na watoa huduma, na hatua ambazo mwananchi anaweza kuchukua anapoona amebaniwa kinyume cha alichonunua.

Suala hili linawagusa kwa karibu wakazi wa maeneo ya pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam kama Mbezi Luis, wilayani Ubungo, ambako baadhi ya watu bado hupaita Mbezi ya Kimara ili wasipachanganye na Mbezi Beach. Tangu Kituo Kikuu cha Mabasi cha Magufuli kizinduliwe tarehe 24 Februari 2021, shughuli kando ya Barabara ya Morogoro zimeongezeka, na pamoja nazo mahitaji ya mawasiliano. Katika mitaa ambayo faiba haijafika, tegemeo la kaya ni ruta yenye laini ya simu, inayopokea mawimbi kutoka mnara uleule unaohudumia simu za majirani na za abiria. Uwezo wa mnara una mipaka, na kila anayeunganishwa nao hugawana na wenzake kilichopo.

Hapo ndipo ushirikishanaji wa mafaili unapoleta mvutano. Itifaki ya BitTorrent, iliyobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001, huligawa faili katika vipande vidogo vingi. Kila anayepakua huvipata vipande hivyo kutoka kwa watumiaji wengine, na wakati huohuo kompyuta yake huvipakia vipande alivyo navyo kwenda kwa wanaovihitaji. Kazi ya kupakia huendelea hata baada ya faili kukamilika, endapo programu haijafungwa. Kijana mwenye kibanda cha kujaza filamu na nyimbo kwenye flashi anaweza kuwasha programu hiyo jioni, akalala, na ruta ikafanya kazi usiku kucha bila yeye kugusa chochote. Mtu anayesoma habari au kutuma ujumbe hutumia njia kwa sekunde chache kisha huiacha wazi, torenti haiachi.

Hesabu yake si ngumu. Ruta yenye kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, ikipakua mfululizo kwa saa 24, hupitisha takriban gigabaiti 108. Kwa siku tano inakuwa imevuka gigabaiti 500. Mteja huyo akishushwa hadi megabiti 1 kwa sekunde, faili la gigabaiti 1 litachukua zaidi ya saa mbili, ilhali kwa megabiti 20 lingechukua chini ya dakika saba. Kwa mwanafunzi anayefuata kipindi kwa njia ya video, au mfanyabiashara anayepokea oda mtandaoni, tofauti hiyo ni ya kufanya kazi au kutofanya.

Ikumbukwe kwamba "mtumiaji mkubwa" si lazima awe mtu mmoja. Katika nyumba nyingi za kupanga, wapangaji huchangia ruta moja: vyumba vitano au sita, kila kimoja na simu zake, labda na runinga yenye intaneti. Kwa mtoa huduma, nyumba nzima ni mteja mmoja mwenye laini moja. Mpangaji mmoja akiendesha torenti kwa wiki nzima, kiwango cha mwezi kinaweza kuisha kabla ya tarehe 10, na walioshiriki kuchanga wakabaki wakiilaumu kampuni. Ruta nyingi zina ukurasa wa mipangilio unaoonyesha vifaa vilivyounganishwa, na baadhi huonyesha hata matumizi ya kila kifaa. Ni vyema kuutazama ukurasa huo kabla ya kupiga simu ya malalamiko, na hata kabla ya kugombana.

Utaratibu wa kwanza wa kupunguza kasi hufuata kiasi cha data. Watoa huduma huuita sera ya matumizi ya haki: mteja hupewa kasi kamili hadi kiwango fulani, na baada ya hapo hushushwa kasi hadi mzunguko mpya uanze, bila kukatiwa huduma. Nchini Kenya, kampuni ya Safaricom iliweka utaratibu wa namna hiyo mwaka 2021 kwa wateja wake wa faiba za majumbani, ambapo vifurushi vya kawaida viliwekewa gigabaiti 500 kwa mwezi na kifurushi cha juu terabaiti 1. Unaweza kuupenda au kuuchukia utaratibu huo, lakini angalau una namba ambayo mteja anaweza kuisoma kabla ya kulipa. Neno "bila kikomo" likiandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo, na namba hiyo ikafichwa kwenye vigezo na masharti, ndipo haki ya mteja inapoanza kuyumba.

Utaratibu wa pili hufuata aina ya matumizi, na huu ni mgumu zaidi kuutambua. Mitambo ya mtoa huduma huchunguza mwenendo wa data inayopita, ikaitambua torenti na kuibana peke yake. Kesi inayojulikana zaidi ni ya kampuni ya Comcast nchini Marekani. Mwaka 2007 shirika la habari la Associated Press lilifanya jaribio la kushirikisha nakala ya Biblia ya King James kwa njia ya BitTorrent, maandiko ambayo hayana mgogoro wowote wa hakimiliki nchini humo, na likabaini kuwa uhamishaji huo ulikuwa ukivurugwa. Wateja hawakuwa wameelezwa. Agosti 2008 Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani iliamuru kampuni hiyo iache mwenendo huo, lakini Aprili 2010 mahakama ya rufaa iliitengua amri hiyo kwa hoja kwamba tume haikuwa na mamlaka ya kisheria ya kuitoa. Umoja wa Ulaya ulichukua njia nyingine: kanuni yake ya mwaka 2015 inaruhusu usimamizi wa msongamano ulio wa kiasi na wa wazi, lakini inakataza kubagua matumizi kwa sababu za kibiashara.

Hapa nchini, msimamizi wa sekta ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na watoa huduma huongozwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 pamoja na kanuni zake, zikiwemo za ubora wa huduma na za ulinzi wa mtumiaji. Kanuni ndogo za vifurushi za mwaka 2021 zilimtaka mtoa huduma amjulishe mteja pale matumizi ya kifurushi yanapofikia asilimia 75 na asilimia 100. Wengi wanaikumbuka zaidi Aprili ya mwaka huo kwa bei mpya zilizozua malalamiko na kusitishwa na Serikali. Hata hivyo, sharti la taarifa lina uzito wake, kwani mteja aliyejulishwa mapema hupata nafasi ya kupanga upya matumizi yake.

Si kila intaneti inayosuasua imebaniwa. Tarehe 12 Mei 2024, hitilafu kwenye mikongo ya baharini ya SEACOM na EASSy, katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, iliathiri huduma Tanzania na nchi jirani, na hakuna kifurushi ambacho kingeweza kuizuia. Hivyo mteja anashauriwa kupima kwanza. Apime kasi saa 2 usiku, muda ambao watu wengi wako mtandaoni, kisha apime tena saa 10 alfajiri. Kasi ikirudi alfajiri, tatizo lina dalili za msongamano wa mnara. Ikibaki chini saa zote hadi mzunguko mpya wa kifurushi, huenda kiwango kimeisha. Na iwapo kurasa na video vinafunguka haraka huku torenti pekee ikikwama, inawezekana aina hiyo ya matumizi imebanwa, ingawa torenti hukwama pia kwa sababu walio na faili husika ni wachache au wamezima vifaa vyao. Ajaribu faili jingine lenye washiriki wengi kabla ya kufikia hitimisho.

Baadhi ya watumiaji huficha torenti kwa kutumia mtandao binafsi wa VPN ili mitambo isiitambue. Ifahamike kuwa mwezi Oktoba 2023 TCRA ilitoa taarifa kwa umma ikiwataka wanaotumia VPN kuziwasilisha kwake kwa usajili. Aidha, torenti yenyewe ni njia tu ya kusafirisha mafaili, na programu huria nyingi husambazwa kwa njia hiyo. Lakini filamu na nyimbo zinazosambazwa bila ridhaa ya wenyewe zinaangukia kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA).

Mteja anayeamini kasi yake imepunguzwa kinyume cha masharti aanze kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi, na atunze namba ya lalamiko. Aambatanishe vipimo vya kasi vyenye tarehe na saa, risiti ya kifurushi, na nakala ya tangazo lililomshawishi kununua. Asiporidhika na majibu, anaweza kulipeleka lalamiko TCRA, ambayo ina ofisi katika jengo la Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo huwakilisha maslahi ya watumiaji na kumshauri mwananchi asiyejua pa kuanzia. Katika lalamiko, swali la kuuliza kwanza ni hili: ni baada ya gigabaiti ngapi kasi hushushwa, hushushwa hadi ngapi, na hilo limeandikwa wapi.