Kasi ina uzito gani kwa kiungo chipukizi?

KASI ndiyo sifa ya kwanza inayoonekana na mtazamaji aliyesimama kando ya uwanja. Mtoto akiwatoka wenzake watatu kwa mbio, watu wazima hugeuka na kuulizana ni wa nani. Anayejua kusimama mahali panapofaa kabla mpira haujafika hapo haulizwi jina. Hata hivyo, katika nafasi ya kiungo, huyu wa pili ndiye ambaye mara nyingi huudumu mchezo kwa miaka mingi.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika kambi ya Ifo, Kaunti ya Garissa. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1991, na mwaka uliofuata zikafuata Dagahaley na Hagadera katika eneo la Dadaab. Kizazi kizima kimezaliwa na kukulia humo, na kandanda ndio mchezo wao mkuu. Kutoka nje ya kambi huhitaji kibali, na kwa hiyo kijana anaweza kuonwa na mtafuta vipaji mara moja tu, mchana mmoja. Iwapo siku hiyo kipimo pekee ni saa ya mkononi na mbio za mita chache, hatima yake huamuliwa na sehemu ndogo sana ya kile ambacho kiungo hufanya.

Wapo pia wale ambao familia zao zilihamishiwa nchi za mbali, ikiwemo Australia. Huko hukuta mchezo mwingine unaoitwa kandanda, usiofanana na huu wetu, na humo pia swali ni lile lile: mtoto ana mbio, je, zatosha?

Mchezo wa Waaustralia

Kandanda ya kanuni za Australia huchezwa na timu mbili zenye wachezaji 18 kila moja, katika uwanja wa duara refu kama yai. Mpira nao umechongoka pande zote mbili. Mechi ina vipindi vinne vya dakika 20, na muda unaopotea mchezo ukisimama huongezwa. Mchezaji huruhusiwa kuushika mpira, kuupiga kwa mguu au kuugonga kwa ngumi kumpa mwenzake. Mpira ukipita kwa mguu kati ya milingoti miwili ya katikati, timu hupata pointi 6. Ukipita kati ya mlingoti wa katikati na wa pembeni, hupata pointi 1.

Kanuni moja yahusu mbio moja kwa moja. Anayekimbia na mpira hawezi kupita mita 15 bila kuudundisha au kuugusisha ardhini. Kwa kuwa mpira huo si wa mviringo, kuudundisha ukiwa katika kasi kubwa ni ufundi unaodai miaka ya mazoezi. Mwenye mbio asiye na ufundi huo hulazimika kupunguza mwendo, na faida yake ikapotea.

Wachezaji wa kiungo katika mchezo huo hukimbia kilomita 12 hadi 15 kwa mechi. Katika soka yetu, kiungo wa kiwango cha juu hufikisha kilomita 10 hadi 12. Katika michezo yote miwili, sehemu kubwa ya safari hiyo huwa ni kutembea, kukimbia polepole na kukimbia kwa mwendo wa wastani. Mbio za nguvu zote ni sehemu ndogo, na nyingi huwa za sekunde 2 hadi 4 tu.

Mita 10 za kwanza

Ni vyema basi kutenganisha mambo matatu ambayo hukusanywa pamoja katika neno kasi. La kwanza ni kuchomoka, yaani hatua za mwanzo kutoka hali ya kusimama au kutembea. La pili ni upeo wa mbio, ambao mkimbiaji huufikia baada ya makumi ya mita. La tatu ni uwezo wa kurudia mbio fupi mara nyingi bila kudhoofika.

Usain Bolt, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 100 ya sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, alisifika zaidi kwa upeo wa mbio zake kuliko kwa kuchomoka. Mwaka 2018 alifanya majaribio ya soka katika klabu ya Central Coast Mariners nchini Australia. Alifunga mabao mawili katika mechi ya kirafiki, lakini aliondoka bila kupata mkataba. Ikiwa mbio za mtu mwepesi kuliko wote duniani hazikumtosha mshambuliaji, sembuse kiungo anayezungukwa na wapinzani kila upande na asiyepata nafasi ya kukimbia mita 60 mfululizo.

Kiungo huhitaji zaidi jambo la kwanza na la tatu. Huchomoka mita 5 au 10 kuuwahi mpira uliolegea, husimama ghafla, hugeuka, kisha huanza tena kabla pumzi haijatulia. Anayeng'aa katika dakika ya 10 na kuburura miguu katika dakika ya 70 ni mzigo kwa timu yake. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Tofauti yenyewe ni kubwa kiasi gani?

Vijana wanaotaka kusajiliwa katika ligi kuu ya Australia, AFL, hupimwa kwa mitambo ya kielektroniki katika mbio za mita 20. Wengi hutumia sekunde 3 hivi, na anayeshuka chini ya 2.9 huhesabiwa kuwa mwepesi sana. Tuseme mmoja ametumia sekunde 2.9 na mwingine 3.1. Tofauti ya sekunde 0.2 ni sawa na takriban mita moja na nusu mwishoni mwa mbio hizo.

Mita moja na nusu si kitu kidogo. Yatosha kuupata mpira au kuukosa. Lakini sekunde 0.2 pia ni muda anaouokoa mchezaji aliyetambua mapema mpira utaangukia wapi, akaanza kukimbia wakati mwenzake angali anatazama. Kusoma mchezo kwaweza kulipa deni la miguu. Zaidi ya hayo, mtu anayepima kwa saa ya mkononi anaweza kukosea kwa kiasi hicho hicho kwa kuchelewa au kuwahi kubonyeza. Kumwacha kijana kwa sababu ya tofauti hiyo, iliyopimwa kwa mkono, ni kuamua kwa bahati nasibu.

Walioitwa wazito wakatawala

Historia ya mchezo wa Australia ina ushahidi wa kutosha. Greg Williams alikataliwa na klabu ya Carlton akiwa kijana kwa kuonekana hana mbio. Alianza katika ligi kuu akiwa na Geelong mwaka 1984, na akatwaa nishani ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, mwaka 1986 na 1994. Mara ya pili alikuwa akiichezea Carlton, klabu ile ile iliyomkataa. Silaha yake ilikuwa mikono myepesi na pasi iliyotoka kabla mpinzani hajamfikia.

Haimaanishi kwamba mbio hazina thamani. Chris Judd, mshindi wa nishani hiyo mwaka 2004 na 2010, na Patrick Dangerfield, aliyeshinda mwaka 2016, walisifika kwa kuchomoka katikati ya msongamano. Kasi yao iliwafaa kwa sababu waliupata mpira kwanza, na walijua la kuufanyia baada ya kutoroka.

Nyumbani, Wakenya wana McDonald Mariga, aliyekuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2010, na ndugu yake Victor Wanyama, aliyefunga kwa kichwa Celtic ilipoilaza Barcelona mabao 2-1 mwezi Novemba mwaka 2012. Wote wawili ni viungo waliotegemea nguvu, nafasi na utulivu kuliko mbio.

Kutoka Kakuma

Hakuna mfano ulio karibu zaidi na vijana wa Ifo kuliko ule wa kambi ya Kakuma, Turkana. Aliir Aliir alizaliwa huko mwaka 1994 kwa wazazi kutoka Sudan Kusini ya leo, akahamia Australia akiwa mtoto. Sydney Swans ilimchagua mwaka 2013, akacheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu mwaka 2016, kisha akahamia Port Adelaide. Mwaka 2021 aliteuliwa katika kikosi bora cha msimu cha Australia nzima. Yeye ni mlinzi, si kiungo, lakini sifa iliyompandisha ni kutabiri mpira wa juu utakapotua na kuudaka mbele ya mpinzani. Ana mwili wa mwanariadha, ila jina lilitokana na macho na akili.

Awer Mabil naye alizaliwa Kakuma mwaka 1995, akajifunza soka huko kabla ya kuhamia Adelaide. Ameichezea timu ya taifa ya Australia, na mwaka 2022 alikuwa mmoja wa waliofunga penalti zilizoiondoa Peru na kuipeleka nchi hiyo Kombe la Dunia. Mabil ni winga, na winga anahitaji mbio ndefu kuliko kiungo. Kocha anayetumia kipimo kimoja kwa nafasi zote mbili huwakosea wachezaji wote wawili.

Mtego wa umri

Kati ya miaka 12 na 16, kasi hutegemea sana ukomavu wa mwili. Wasichana wengi hurefuka kwa haraka zaidi wakiwa na umri wa miaka 12 hivi, na wavulana miaka 14 hivi. Watoto wawili wa miaka 14 wanaweza kutofautiana kwa miaka miwili au mitatu ya ukomavu. Aliyekomaa mapema hushinda mbio leo. Baada ya miaka mitatu wenzake humfikia, na asipokuwa na ufundi hubaki mikono mitupu.

Katika kambi za wakimbizi mtego huu una kina zaidi. Wengi wasiojua siku ya kuzaliwa huandikiwa tarehe 1 Januari, na mwaka wenyewe huwa wa kukadiriwa. Kwa hiyo timu ya chini ya miaka 15 yaweza kuwa na watoto wa maumbile mbalimbali sana, bila udanganyifu wowote. Kocha mwenye busara hutazama urefu, sauti na kasi ya kukua, wala hamhukumu mdogo kwa kushindwa na mkubwa.

Mchanga, joto na saumu

Kukimbia juu ya mchanga mlaini hutumia takriban mara 1.6 ya nguvu zinazotumika juu ya ardhi ngumu, na hatua huwa fupi. Muda uliopimwa Ifo hauwezi kulinganishwa na ule wa uwanja wa nyasi Nairobi au Melbourne. Joto la Dadaab nalo mara nyingi hupita nyuzi 35, na mwili uliopungukiwa na maji hupoteza kwanza uwezo wa kurudia mbio. Katika mwezi wa Ramadhani, vipimo vya nguvu vyafaa viahirishwe, au vifanywe usiku baada ya kufuturu.

Jinsi ya kupima kwa haki

Kocha asiye na mitambo anaweza kufanya mengi. Achague ardhi iliyoshikamana, apime mita 10 na 20 asubuhi au jioni, na kila mtoto apewe nafasi tatu. Siku nyingine apime mbio 6 za mita 30, kila moja ikianza sekunde 30 baada ya ile iliyotangulia, kisha alinganishe ya kwanza na ya sita. Anayepoteza muda kidogo ana hazina ya kiungo.

Kipimo kikubwa zaidi ni mchezo wenyewe. Wachezaji wanne dhidi ya wanne katika uwanja mdogo huonyesha nani hutazama nyuma yake kabla ya kupokea mpira, nani huupata mpira uliolegea, na nani hupoteza pasi akichoka. Hesabu hizo ziandikwe kwa majuma kadhaa katika daftari, ili mgeni ajapo kutafuta vipaji apewe kumbukumbu za miezi badala ya mchana mmoja. Wasichana nao wahesabiwe vivyo hivyo. Tangu mwaka 2014 sheria za soka za kimataifa zinaruhusu kucheza na hijabu.

Kasi pia hufundishwa. Siku mbili kwa juma zatosha: mbio 6 hadi 10 za mita 10 hadi 20, mwanzoni mwa mazoezi wakati mwili haujachoka, na mapumziko ya dakika moja au mbili kati ya mbio na nyingine. Mapumziko yakifupishwa, zoezi hugeuka kuwa la pumzi. Mtoto anayerefuka kwa haraka na kulalamika maumivu ya goti apunguziwe mbio na miruko mpaka maumivu yatulie.

Kwa ufupi, kasi humsaidia kiungo pale inapoungana na macho, mguso wa mpira na pumzi ya kurudia. Chipukizi mzito sana atapata taabu katika kiwango cha juu, na hilo halifichiki. Lakini aliyepungukiwa kidogo anaweza kuongeza hatua zake za kwanza kwa mazoezi, na anaweza kuokoa nyingine kwa kuanza mapema. Asiyejua mpira unakwenda wapi hufika upesi mahali pasipo na mpira.